Fomu Iliyobaki Ndani ya Basi

Mpendwa mshauri wa mchana redioni, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni dereva wa basi la shule, mwaka wa kumi na tisa huu sijapita taa nyekundu hata moja, nakusikiliza kila siku nikiwa nimeegesha nje ya geti nasubiri watoto watoke, sikudhani siku moja nitakuandikia, lakini yamenifika hapa.

Mama mkwe anaishi nasi tangu goti lianze kumsumbua, na bafu letu lina hodhi la kuogea lenye kingo ndefu, ameshateleza mara mbili akivusha mguu, kwa hiyo nikamwahidi mbele ya mke wangu kwamba nitaling'oa, nivunje na kiukuta cha choo, nimwekee sakafu tambarare na vyuma vya kushikilia, akafurahi, akasema mkwe wangu akisema kasema. Tunakaa ghorofani, manispaa wanataka kibali, na mhandisi wao aje aangalie kabla ya kuvunja, nikajaza fomu, nikapeleka mchoro, nikazungushwa dirisha hili na lile hadi karani akaniambia, "Baba, umebakiza sahihi moja tu, ya jirani wa chini yako. Ukiileta, mhandisi anakuja wiki hiyohiyo."

Mshauri, hapo ndipo nilipokwama. Jirani wa chini ni mama mshonaji, na mwaka jana nilimtukana kwenye ngazi mbele za watu kwamba ndiye anayemwaga taka mlangoni kwetu, baadaye nikagundua ni paka, nami nikauchuna, hadi leo tukikutana naangalia ukutani. Fomu nikaisokomeza kwenye kidroo cha basi, nyumbani wakaniuliza kibali vipi, mdomo wangu ukasema kimetoka, na mke wangu akamwita fundi kesho yake.

Sasa hodhi limetoka, kiukuta kimelala, fundi amechimba sakafu kutafuta bomba, na jana nimeona ufa umeanzia kwenye shimo unaelekea dirishani, fundi akasema, "Bosi, huo ni ufa wa plasta tu, usijipe presha," nikaufunika kwa ndoo ili mke wangu asiuone. Mama mkwe kwa kukosa bafu anateremka kila jioni saa kumi na moja kuoga kwa huyohuyo mshonaji, wameshibana kweli, anarudi anacheka kwamba huko chini ni hoteli, ukimaliza kuoga unanyunyiziwa na poda mabegani. Mimi kila nikisikia hodi nadhani ni watu wa manispaa. Nimwambie mke wangu ukweli, au nimalize vigae haraka kisha kibali nikitafute polepole?

Dereva aliyekosa breki

JIBU

Marahaba, dereva. Pole kwa mawazo, lakini leo sikubembelezi.

Unaogopa manispaa, unaogopa mke, unaogopa uso wa mshonaji. La kuogopa lenyewe umeliandika kama kichekesho. Kwenye maghorofa bafu hujengwa juu ya bafu. Juu fundi anachimba na ufa unatembea, chini mama mkwe wako amesimama anamwagiwa poda. Poda gani, baba? Hiyo ni dari!

Sahihi ya jirani uliiona usumbufu. Inatakiwa ili anayeishi chini ya nyundo yako ajue kuna nyundo. Umemtukana kwa kosa la paka, naye bado anamfungulia mama mkwe wako mlango. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uufunike kwa ndoo.

Swali la vigae silijibu, tutagombana.

Mpigie fundi sasa hivi aweke vifaa chini. Watoto wakitoka, wapeleke taratibu kama kawaida yako, kisha nyoosha hadi kwa mshonaji. Usianze na fomu, wala usianze na msamaha. Anza na dari. Afunge bafu lake, asiingie mtu. Msamaha wa paka utafuata, na uuombe kwa sauti ileile uliyomtukania. Mke umwambie leo, asije akaambiwa na majirani. Kesho asubuhi uwe wa kwanza dirishani kwa karani, sema umeshavunja na kuna ufa, wamtume mhandisi haraka. Wakikutoza faini, lipa na ushukuru.

Barua yako nimeisoma asubuhi hii, nikaona saa kumi na moja ni mbali kuachia bahati. Nimepiga namba ya nyumbani uliyoandika nyuma ya bahasha, akapokea mama mkwe. La kibali sikumgusia, hilo ni lako. Nimemwomba tu asiteremke kuoga, atumie beseni chumbani, na amwambie rafiki yake asiingie bafuni. Nimemsihi sana hadi akakubali, tena kwa leo tu, huku ananicheka.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," ameniambia. "Kungekuwa na hatari mkwe wangu angeniambia. Yeye kibali anacho."