Mazuti Mulangoni mwa Pango

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu nyingi toka Lusangi. Tuko wazima, na dada yako amezaa mutoto mwanamuke. Unaniuliza kama sheria unayosoma huko Kindu, ya kulinda mapango na kusafisha udongo wenye sumu, itasaidia watu wa huku.

Nilipokuwa kijana, tulichimba zaabu mu pango la juu ya kijiji. Mazuti, yale mafuta machafu ya mashine, tulimwaga mulangoni. Mvua ikaishusha mpaka kwenye chemchem. Chefu wa kijiji akatufukuza, akafunga pango na miti. Nikaona kesi imeisha.

Kesho yake nikamukuta Mama Fatuma, mujane jirani yetu, peke yake, anakwangua ule udongo mweusi wa mazuti na jembe.

“Mama, pango si imefungwa?”

“Imefungwa, ndiyo. Lakini watoto wangu wanakunywa nini?”

Nilisikia aibu, nikachukua jembe. Siku nyingi tulibeba udongo ule, tukauzika mbali na maji. Chemchem ilipona polepole sana. Siku maji yalipokuwa safi, Mama Fatuma alikunywa, akajaza kikombe tena, akanipa mimi.

Soma sheria hiyo yote, mwanangu. Kufunga pango ni vizuri. Lakini angalia kama inamutaja pia mutu atakayesafisha udongo.

Babu yako, Saidi