Shela Niliyoikataa

Mama Estha,

Ulinikataza kukuita Mama. "Kwako mimi ni Missis," ulisema siku Danieli aliponileta kwenu. Leo nakuita Mama kwa kuwa huwezi tena kunikataza, na nakuandikia Kiswahili, lugha uliyoniambia nisiizungumze jikoni mwako.

Mwanao amenioa. Ilikuwa Jumapili moja ya kipupwe, uani kwako.

Unakumbuka nilivyotoka kwa rabi, nimeshazamishwa majini na kupokewa kuwa Myahudi? Nilikuja mbio kukuambia. Hukuinua macho kutoka kwenye sahani. "Maji hayabadilishi damu," ukasema. Sheria za ubaguzi zilishafutwa, nchi nzima ilishapiga kura, weusi na weupe foleni moja, lakini mezani kwako nilibaki msusi wa saluni za mjini, Mtanzania aliyekuja kuiba mtoto wa watu. Ukaifungia kabatini shela ya bibi yako, ile aliyovuka nayo bahari kutoka Lithuania, ukamwambia mumeo, "Huyu asiivae." Nilikuwa mlangoni na uji wako. Nilisikia. Nikaingia, nikakulisha.

Wakati wote wa ile kansa nilikuosha, nikakugeuza kitandani. Asante yako sikuisikia. Hata siku ya mwisho ulimshika Danieli mkono, ukanitazama, ukageukia ukutani.

Asubuhi ya harusi Baba mkwe aliingia chumbani na shela mikononi, machozi yanamtoka. "Vaa, mwanangu. Estha hayupo."

Dada yako Roza naye akasema, "Vaa tu. Yameisha."

Hayajaisha. Nilimwambia Baba, "Nashukuru, lakini mwenyewe alikataa." Danieli alipokuja kunifunika uso, kama desturi ilivyo, alinifunika kwa mtandio mweupe aliouvaa mama yangu siku alipoolewa. Mama yangu alikuja nao kwa basi, njia nzima kutoka Tanga, ameupakata.

Vingine nilivipokea, maana si vyako peke yako. Tulisimama chini ya shali ya sala ya babu yake Danieli, imefungwa kwenye miti minne. Tulikunywa divai katika kikombe cha fedha cha ukoo. Nilimzunguka mume wangu mara saba, mama yangu upande mmoja, na mahali pako Roza. Danieli alipoikanyaga glasi kwa desturi yenu ikavunjika, watu wakaitikia heri, "Mazal tov", na mama yangu akapiga vigelegele hadi tumbili wakakimbia juu ya paa. Kaka zako wakacheka, wakamwomba arudie. Nilitamani uwepo. Si kwa mapenzi. Nilitaka uone.

Sasa nina mimba. Kwenu mtoto hupewa jina la marehemu, na jana Danieli aliniomba, akizaliwa msichana tumwite Estha. Aliomba kwa upole, Mama. Bado anakulilia. Nikamwambia hapana. Akatoka nje, na mpaka naandika haya hatujasemezana vizuri.

Kwa ajili yake nitakutimizia yaliyo haki yako. Kaburi lako nitalifagia, nitaweka kijiwe juu yake kama mfanyavyo, na kila mwaka siku uliyokufa ikifika nitawasha mshumaa.

Lakini jina lako halitaitwa nyumbani mwangu. Hilo nakuahidi.

Lala salama, ukiweza.

Mkaza mwanao,
Neema