Tundu la Nyuma Ndilo la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Biolojia, darasa la tatu la sekondari, saa ya pili. Nyota ya bahari. Hakuna aliyewahi kuiona. Ziwa letu halina. Nikachora mikono mitano, na chini yake vijiguu vya kunyonyea. Nikasema kwa Kifaransa, kama kitabu: ndani ya yai, kwake na kwetu watu, hutangulia l'anus, mdomo hufuata. Ndiyo maana ni ndugu yetu wa karibu kuliko konokono. Wakaitikia wote. Nikapita kukagua madaftari. Nusu ya darasa wameandika Vénus, ile nyota Zuhura.
Zaituni akajitetea: "Madamu, si iko nyota?"
Nilicheka hadi machozi. Kisha nikaandika ubaoni neno la Kiswahili, lile la barabarani, kwa herufi kubwa. MKUNDU. Walielewa papo hapo.

Jumanne, 4 Machi
Mama Zaituni, muuza mawese, alifika kabla ya kengele. "Unafundisha batoto matusi? Eti mutu anaanzia mukundu?"
Direkteri, mkuu wa shule, akaniita. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Nisome barua ya kuomba msamaha, la sivyo saa zangu za kufundisha anapewa mwingine. Mimi mwalimu wa muda, sina pa kulilia. Barua ameshaiandika mwenyewe. Inasema nimefundisha uongo.
Neno lilikuwa baya, sawa, nitaomba radhi. Uongo? Sisomi.
Amenikataza pia kulitamka tena. Neno amekataza. Vyura hakukataza.

Jumatano, 5 Machi
Alfajiri kwenye mtaro wa mashamba, huko Gatete. Nimerudi na ndoo ya mayai ya chura, naye huanza kama sisi, na sketi yote matope. Beseni darasani, dirishani.
Saa tisa alasiri kitundu kimetokea upande mmoja wa yai, duara, kama kimetobolewa kwa sindano. Mdomo hakuna. Nikawaambia wachore wanachokiona tu, waandike na saa. Zaituni kachora vizuri kuliko wote. Sikutamka neno lolote.

Alhamisi, 6 Machi
Yamerefuka. Mkia unaanza. Mgongoni mstari mgumu, corde dorsale. Nikawaambia: kamba ya mgongo, hii nyota ya bahari haina, hapa ndipo tunapoachana naye. Mdomo bado.
Mwalimu wa historia ananishauri nisome barua yaishe. Mwenye nguvu mpishe, anasema. Nimempisha miaka mitatu. Nimechoka kupisha.

Ijumaa, 7 Machi
Viluwiluwi wametoka kwenye ute. Mdomo bado!
Naogopa. Wakifa, nitasimama mbele ya wazazi na beseni la maji machafu. Hata hivyo sisomi.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi midomo imefunguka.
Barua niliiacha mezani kwa direkteri, bila saini. Niliomba radhi kwa neno moja, la ubaoni. Kisha nikawagawia wazazi madaftari ya watoto wao, nikaweka beseni na kioo cha kukuzia. Nikasema: neno lilikuwa baya, habari ni ya kweli, tazameni.
Direkteri akasimama kunizuia. Mama Zaituni alikuwa ameshainama. Alikaa pale muda mrefu, daftari la binti yake mkononi. Alipoinuka hakunitukana.
"Wangu wa kwanza alizaliwa na kinywa. Huku nyuma hakuna njia. Alinyonya siku tatu, akakufa." Akalifunga daftari. "Balisema ni miye. Iko kosa ya mama?"
Hapana, nikamwambia. Ni tundu lililokosa kufunguka, mapema sana, hata tumbo lako lilikuwa bado halijaonekana. Hakuna mama anayeweza kulifungua wala kulifunga.
Direkteri akakaa chini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa barua ya onyo. Nimesaini kwamba nimeipokea, basi. Saa zangu ninazo mpaka mwisho wa muhula.
Mchana Mama Zaituni alikuja getini, peke yake. Akaomba nimchoree. Si chura. Mtoto. Nilimchorea kwa kalamu ya risasi, nikamwonyesha mahali penyewe. Akanitajia jina, akaomba niliandike chini yake. Mtoto alikufa kabla ya siku ya saba, siku ya kupewa jina, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwita hivyo.
Nimeandika: Hamisi.