Koki ya Chini ya Kitanda

Quartzsite, Arizona
19 Januari

Dada yangu Verna,

Salamu nyingi kutoka huku jangwani. Natumaini goti lako limepata nafuu na theluji ya Minnesota haijakufungia ndani. Sisi miili yetu ni mizima, mengine utayasoma.

Kwa siku tisa maji ya moto humu ndani ya gari-nyumba letu yalikuwa yakidondoka tu. Ya baridi yaliruka kwa nguvu, kwa hiyo pampu haikuwa na kosa. Unaijua mifupa ya mume wangu Delmar: asipooga maji ya moto asubuhi, hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Nilifungua vichujio vya mabomba, nikavisugua kwa siki kutoa chokaa. Wapi! Nikawa namwogesha kwa kitambaa na maji ya sufuria, naye anatetemeka.

Jirani yetu Hollis, fundi bomba mstaafu, alikuja na tochi. Akaniuliza kama kuna aliyegusa koki za nyuma ya hita ya maji, chini ya kitanda. Nikamwambia hakuna. Akalala kifudifudi, akacheka: "Shemeji, hii imefungwa karibu yote! Unafuga panya mwenye mikono?" Akaifungua. Maji yakaja kwa kishindo, nikalia mbele yake bila aibu.

Kesho yake yakadondoka tena. Nilimkuta Delmar amepiga magoti pale pale, mkono kwenye koki.

"Nafunga maji yasigande, Arlys," akasema. "Baridi inaingia, na wewe umekaa tu!"

Kumbe siku zote hizo alidhani tuko nyumbani Minnesota, ambako mabomba hupasuka kwa baridi.

Verna, nilimzaba kofi. Miaka arobaini na sita ya ndoa, sijawahi. Alishika shavu, akanitazama, akaniuliza kwa adabu: "Samahani mama, mke wangu umemwona?"

Daktari alituambia miaka miwili iliyopita kwamba akili yake inapotea. Nilikuficha. Zile kadi za safari zilizokufurahisha niliandika zote mimi, hata sahihi yake. Sasa nimemficha funguo, na gari kubwa hili mimi siwezi kuliendesha. Nauogopa mkono wangu mwenyewe. Njoo, dada. Njoo utuchukue.

Wasalimie wote hapo kwako. Delmar anakusalimu sana. Hapana, sikudanganyi tena: salamu hizi ni zangu peke yangu.

Mdogo wako,
Arlys