Alama Kumi na Saba za Mama Kabula

Jumapili, 13 Julai

Padri: sita kati ya kumi. Sauti nzuri, lakini macho yalikuwa kwenye karatasi tangu mwanzo hadi amina. Mwenyekiti wa jumuiya, tangazo la usafi: nane. Alisimama, akasema, akakaa. Mke wangu amenikamata nikiandika alama nyuma ya bahasha ya sadaka. Amenuna hadi nyumbani.

Siwezi kujizuia. Miaka ishirini na mbili nimekuwa mwamuzi wa midahalo ya shule. Mtu akifungua mdomo, mimi natazama mikono yake.

Jumatatu, 14 Julai

Nina furaha ya kitoto. Redio ya hapa mjini wamenipigia saa nne, wakati wa chai. Chama kinatafuta mgombea wa udiwani kwenye kata yetu. Waliojitokeza ni watatu. Watapita matawi matatu kujieleza kwa wajumbe, halafu Jumatatu ijayo wajumbe wote watakutana ukumbini, watawasikiliza mara ya mwisho na kupiga kura. Redio wanataka kila jioni nisome alama za hotuba. Mimi! Mwalimu wa Kiswahili, mkazi wa Kalangalala, hewani!

Fomu iko tayari. Sauti, macho, mikono, mpangilio, muda. Kila kimoja kumi, jumla hamsini. Mistari nimepiga kwa rula. Nimetoa kopi thelathini, sijui za nini.

Jumatano, 16 Julai

Tawi la kwanza. Wagombea wote wanapanda gari moja la chama. Ndio utaratibu, asije mmoja akatangulia kuwanong'oneza wajumbe. Mbele alikaa mzee Luhende, mwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Nyuma Elias, kijana aliyemaliza chuo kikuu, na Mama Kabula, anayewapikia wachimbaji chakula kule machimboni. Hawasemeshani. Mimi nyuma yao kwa bodaboda, nakula vumbi na kutabasamu.

Dakika tano kila mmoja. Kengele ya katibu ni ya shule yetu, nimemwazima.

Luhende: 29. Anapiga meza mno. Elias: 44! Mambo matatu tu. Maji, barabara, leseni za wachimbaji wadogo. Viganja wazi, macho kwa watu. Alimaliza sekunde kumi kabla ya kengele. Nusura nimkumbatie.

Mama Kabula: 18. Mungu wangu. Alisalimia. Na si salamu ya jumla. Alimfuata bibi wa mstari wa mbele, akapiga goti. "Mwangaluka, mayu. Mguu unaendeleaje?" Bibi akaeleza mguu. Wa pili akaulizwa kama mjukuu amerudi kutoka Mwakitolyo. Wa tatu, habari za msiba. Kengele ilimkuta mstari wa nne. Sera hata moja hakuitaja. Muda: sifuri.

Wajumbe walimpigia makofi. Nilidhani ni huruma.

Jioni hewani nilikuwa moto. Nikasema Mama Kabula aliingia kwenye mtihani, muda ukaisha bado anajaza jina lake. Mtangazaji alicheka hadi akakohoa.

Alhamisi, 17 Julai

Sokoni wananiita "Mwalimu wa Alama". Muuza dagaa ameniomba nimpe maksi kwa anavyonadi. Nimempa saba. Ameongeza sauti.

Mke wangu tu ndiye hafurahi. "Baba Kulwa, umemfanya mama mzima kichekesho." Nikamwambia alama hazina mama wala baba.

Jioni nani kabisha hodi? Mama Kabula mwenyewe. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema: "Shikamoo, mwalimu. Nimesikia redio. Mimi darasa la saba tu, haya hatukufundishwa. Nielekeze."

Mwamuzi hamfundishi mchezaji. Najua. Nilimfundisha. Saa nzima, uani, namwonyesha pa kuweka mikono. Nikamwambia salamu moja inawatosha wote: "Shikamooni wazee, habari zenu wengine." Sekunde tano, kisha sera. Akauliza, "Na yule mama aliyefiwa?" Nikamjibu, atamsalimia baada ya uchaguzi.

Alirudia mara sita. Ya sita ilikuwa safi. Nalala na raha zangu.

Ijumaa, 18 Julai

Tawi la pili. Mama Kabula: 36! Kutoka 18! Sekunde tano za salamu, kisha chap, zahanati, choo cha soko, akina mama wanaochekecha magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi. Mikono kama nilivyomwonyesha. Nilikuwa natingisha mguu kwa furaha.

Lakini ukumbi ulikuwa baridi. Makofi mawili matatu. Nyuma yangu bibi mmoja alimuuliza mwenzake, "Leo kakasirika na nani?" Mwenzake akasema, "Huyu si ndiye aliyetupikia kwenye msiba wetu? Leo ametupita kama pikipiki."

Nimeandika hapa ili nisisahau. Redioni sikusema. Nilisema 36, na mtangazaji akapiga kelele.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi, kabla hajapanda gari, Mama Kabula alinivuta pembeni. Akaniomba radhi. Yale mafunzo hayawezi, usiku mzima yamemkaa kooni. Kwenye tawi la tatu akarudia kupiga magoti. Watu walikaa mkao wa kula. Alipofika kwa kipofu mmoja karibu na mlango, hakujitaja. Kipofu alimtambua kwa mkono, akasema jina lake kwa sauti. Ukumbi wote ukacheka na kupiga makofi.

Nilimpa 20. Niliudhika, nakiri. Nimempa dawa, ameitema.

Jioni hewani, mtu wa Ushirombo akapiga simu studio. "Mwalimu, fomu yako inahesabu mikono. Wajumbe wanahesabu nini?" Damu ikapanda. Nikatangaza mbele ya mikoa miwili: kabla ya kura nitafunga fomu zangu kwenye bahasha. Fomu na sanduku vikitofautiana, kiti cha mwamuzi wa mdahalo sikikalii tena maisha yangu!

Mke wangu alikuwa anasikiliza nyumbani. Nimerudi, ameniandalia ugali, redio ameizima.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Padri hana alama leo.

Kiti kile nakipenda. Kina mguu mmoja mfupi, naweka kijiti. Sitaki kukiacha. Elias lazima ashinde. Anastahili, nasema kwa haki.

Halafu namkumbuka yule bibi. Kakasirika na nani.

Jumatatu, 21 Julai

Niandike haraka.

Ukumbi umejaa, wengine madirishani. Dakika tatu tu leo. Luhende, 31. Elias, 46, hotuba bora niliyowahi kupima. Nilisikia raha ya kweli. Makofi ya heshima.

Akasimama Mama Kabula. Dakika tatu kwa watu wote wale! Hakwenda jukwaani. Alipita katikati, anashika mikono ya kushoto na kulia, kila mtu na jina lake, kila mtu na neno lake. Ng'ombe. Mtoto wa sekondari. Jino. Walio mbali wakaanza kusogeza viti. Kisha wakasimama. Nimekulia kwenye ngoma za Kisukuma, najua jambo hili. Ngoma mbili uwanja mmoja, hakuna mwamuzi wala fomu, mshindi ni yule anayekimbiliwa na watu. Walikuwa wanamkimbilia! Nilijikuta nimesimama juu ya benchi, mwalimu mzima, napiga makofi na kalamu iko mdomoni.

Kengele. Akageuka, jasho linamtoka. "Jamani, muda umeisha. Kura sijaomba. Basi." Akakaa. Vigelegele!

Nikakaa na mimi, nikajaza fomu. Sauti 6, macho 10, mikono 1, mpangilio 0, muda 0. Kumi na saba. Ningeweza kudanganya, hakuna aliyekuwa ananitazama. Fomu ni fomu. Nikatia kwenye bahasha, nikalamba gundi, nikajua kiti kimekwenda. Na nilifurahi! Sielewi mwenyewe. Nilifurahi.

Katibu alisoma saa kumi jioni. Luhende wa tatu. Elias wa kwanza. Mama Kabula wa pili, kwa tofauti ya kura nne.

Bahasha ikafunguliwa. Fomu imepatia. Watu wakanibeba juu juu. Mtu wa Ushirombo amepiga simu kuniomba msamaha.

Jumanne, 22 Julai

Mke wangu ametoka kisimani na maneno. Amekutana na akina mama wa tawi la pili. Wanasema jana Mama Kabula aliwafikia, akawashika mikono, akawauliza kila kitu. Wakamwangalia tu. Ijumaa aliwapita bila kuwajulia hali, Jumatatu siku ya kura ndiyo anawajua. Salamu ya namna hiyo, walisema, ina kamba nyuma yake, ya kuvutia kura. Kwa hiyo wakampa yule kijana.

Tawi la pili lina wajumbe wengi kuliko kura nne.

Alinieleza taratibu, anakoboa mahindi, hakuniangalia. Afadhali angenigombeza. Shuleni wamenipongeza mstarini. Mkuu amesema fomu yangu itumike wilaya nzima. Naona aibu. Aibu kabisa.

Jumatano, 23 Julai

Nilikwenda machimboni baada ya vipindi. Njiani nilitunga hotuba ya kuomba radhi. Mambo matatu. Kwanza, nilikucheka mbele ya watu. Pili, nilikufundisha nisichokijua. Tatu, nafasi ya kugombea umeikosa kwa sababu yangu. Niliifanyia mazoezi juu ya bodaboda. Dakika moja na nusu.

Nilimkuta anaosha sahani. Akafuta mikono kwa kanga, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu." Kulwa yuko kidato cha ngapi sasa? Na Doto, kile kikohozi? Mama yako, mgongo unampa nafuu? Mama Kulwa anaendelea kushona? Nilijibu kimoja kimoja. Kila nilipotaka kuanza, aliuliza kingine, na alingoja jibu.

Mimi sikujua hata Kabula, mtoto wake, anasoma darasa la ngapi. Nikauliza. Yuko darasa la sita, anapenda hesabu.

Wachimbaji wakaanza kuingia, ikabidi ainuke. Hotuba yangu haikupata nafasi. Akanipakulia wali na maharage, nikasogea kwenye benchi kuwapisha wengine, nikala.