Mtumbwi Wako Umerudi Majini

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Hukuwahi kuniruhusu nianze habari kabla ya shikamoo, na sioni sababu ya kukosa adabu leo eti kwa kuwa huwezi kuitikia.

Habari yenyewe ni hii: Jumamosi iliyopita nilivuka mto Ruvu kwa mtumbwi wako, kwenda na kurudi, nikiwa nimesimama. Ndiyo, mimi. Yule uliyemwita mzigo.

Sheria ilikuwa yako. Anayesimama na upondo, akausukuma mtumbwi kwa mti ule mrefu, ni nahodha, anayekaa ni mzigo, na miaka yote ile nilikaa mimi. Ulikuwa ukimaliza wiki ya kufundisha darasa la tatu, Jumamosi unajifunga khanga kiunoni, tunakwenda Mlandizi, tunateremka mtoni. Hatukuvua, hatukubeba mkaa. Watu walipouliza tunakwenda wapi uliwajibu, "Tunakwenda kurudi." Wao walikuona umechanganyikiwa. Mimi nilikuona malkia, ila sikukwambia, maana kichwa chako kilikuwa kimeshavimba vya kutosha.

Sasa nikiri kosa. Tulipokwisha kukuzika Chole, kwa shemeji kule Kisarawe, niliutoa mtumbwi wako mtoni nikauleta kwangu Visiga. Nikauweka upenuni, juu ya matofali, nikaufunika turubai usinyeshewe. Kila Ijumaa niliufuta vumbi. Niliona ninautunza, dada. Miaka minne! Siku nilipopata moyo wa kurudi mtoni nikafunua turubai, na kiganja changu kikaingia chote kwenye ufa. Ulinambia mara ngapi kwamba mtumbwi ukikauka umekufa? Nilikaa chini nikalia kama siku ya msiba.

Kaka yetu Shomari akaja, akauzunguka, akasema, "Mdogo wangu, hizi sasa ni kuni. Au ufanye hori la ng'ombe." Nilimjibu vibaya mpaka mwenyewe akashtuka, maana unajua mimi si mtu wa kujibu.

Aliyeniinua ni mwanao Zuhura. Siku hizi ana duka lake la vitambaa pale Maili Moja, na mdomo ni wako mtupu. "Mjomba, acha kulia," akasema. "Mama angeuzamisha." Basi tukaurudisha mtoni, tukauzamisha. Tuliujaza mawe, ukalala chini ya maji ya kina kifupi, pembeni, wiki tatu. Nilikuwa nakwenda kuuchungulia kama mtu aliyelaza mgonjwa wodini. Ubao ukanywa maji, ukavimba, ufa ukajifunga taratibu mpaka ukabaki kama uzi. Huo uliobaki tukauziba kwa pamba na lami.

Siku ya kuujaribu Shomari naye alifika, kuangalia tutakavyozama. Zuhura akakaa. Nikasimama mimi na upondo wako, nikasukuma. Katikati ya mto upondo ukanasa kwenye tope, mtumbwi ukaanza kuniacha. Nilitaka kuvuta kwa nguvu. Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Ukinasa, legeza. Usigombane na mto." Nikalegeza, ukatoka.

Ng'ambo, wanawake waliokuwa wakifua walinipigia vigelegele. Vya harusi kabisa! Zuhura akacheka. "Mjomba, leo mzigo ni mimi. Wiki ijayo nasimama."

Nilijivuna, dada, sitakudanganya. Nilijivunia mikono yangu, nikamjivunia Zuhura, na wewe nilikujivunia hadi machozi yakanizuia kuona ninakoelekea. Tuliporudi, Shomari alipapasa ubavu wa mtumbwi. Kisha akauliza Jumamosi tunaanza saa ngapi.

Nakuaga sasa. Mola akuangazie kaburi lako. Ahadi yangu ni moja: sitakuweka tena juu ya matofali nikakufunika turubai. Miaka minne sikukutaja, nikidhani ndiyo kukutunza. Sasa nitakutaja, nitakucheka, nitakwenda kurudi kila Jumamosi kwa jina lako.

Mtumbwi sikuurudisha Visiga. Nimeuacha palepale ulipokuwa ukiuacha wewe, umefungwa kamba, ndani ya maji.

Mdogo wako, aliyekuwa mzigo,
Athumani