Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi 2019

Kompyuta imeganda tena! Katuni yangu ya korongo lazima imfikie Mwalimu Lo Ijumaa jioni, la sivyo haiingii mashindanoni. Nikifungua picha mbili tu, mashine inakoroma kama Baba. Shangazi Hsiu-chin, ambaye kazi yake ni kupima RAM kiwandani, amenieleza: diski ni kabati, RAM ni meza. Meza ikiwa ndogo, fundi anashinda akienda na kurudi kabatini. Nimeelewa vizuri sana. Bibi naye: basi mnunulieni meza, kelele za nini?

Jumatano, 6 Machi

Shangazi ameleta RAM! Kibao chembamba, meno ya dhahabu. Nikagusa chuma kwanza ili kuondoa umeme wa mwilini, kama nilivyofundishwa. Nikakipachika taratibu, kwa heshima. Nikawasha. Pii, pii, pii. Kioo cheusi!

Bibi hakutazama ndani. Alitazama juu. "Nani kaweka pakiti ya njano?"

Mimi. Za kijani zilikwisha dukani. Hapa Hsinchu kila mtu huweka pakiti ya vitafunwa vya mahindi juu ya mashine ili iwe na adabu — kijani tu, kama taa ya barabarani.

"Umeiwashia taa ya kungoja, halafu unalia haiendi!"

Nikamgeukia Shangazi, msomi wetu, anitetee. Akanong'ona: "Mwanangu, njano? Kweli?"

Alhamisi, 7 Machi

Bibi kaleta ya kijani, kakagua tarehe, kaiweka. Wakati uleule Shangazi kaikandamiza RAM kwa vidole gumba — tak! Kumbe kwa nilivyoogopa kuivunja, haikuwa imeingia sawasawa. Ikawaka! Picha kumi na mbili wazi, wala haikoromi.

Wakati wa chakula, aliyepongezwa ni Bibi.

Ijumaa, 8 Machi

Saa kumi. Kompyuta inaunganisha picha za katuni ziwe filamu, asilimia sitini. Zamani ingeganda mwanzoni kabisa. Ni RAM. Nimemwambia Bibi hivyo, kwa adabu. "Sawa, daktari."

Tisini na moja. Mzee Fu wa jirani amekuja kupiga soga. Bibi: "Karibu, karibu! Mgeni haachwi mdomo mtupu." Amepita nyuma yangu.

Juu ya mashine hapana kitu.

Sebuleni pakiti inapasuliwa. Bibi mwenyewe!

Mimi siamini mambo haya. Ni meza na kabati tu. Tisini na mbili.

Bado tisini na mbili.

Duka la ng'ambo ya barabara liko wazi. Navaa viatu.